Mashine Ilimsoma Mwanangu Kama Mtu Mzima

Siku niliyobamiza karatasi tatu kwenye kioo cha dirisha la maabara, foleni nzima iligeuka kunitazama. Mwanangu Gasto alikuwa mgongoni, miezi minane na nusu, anakohoa kile kikohozi chake cha kukwamakwama kama pawatila ya kulimia isiyotaka kuwaka. Nyuma ya kioo alikaa Bwana Egidi, mkuu wa maabara, bosi wangu kwa miaka mitano.

"Skola, nimeshakwambia," akasema. "Mashine haijaweka alama yoyote. Kungekuwa na shida ingeweka."

"Imemsoma kama mtu mzima. Irudie kwa kipimo cha mtoto, unipe karatasi nimpeleke hospitali kubwa. Ni hilo tu."

"Sasa wewe ndiye wa kunifundisha mimi? Wewe ni wa kuosha slaidi."

Koti langu jeupe lilikuwa mkononi. Nikalisukuma kwenye kale katundu ka kupokelea vikombe vya mkojo, likaangukia juu ya makaratasi yake. "Basi zioshe mwenyewe," nikamwambia. Mama mmoja kwenye foleni akasema, "Haya, leo kumekucha!" Nikatoka nje, na sijarudi kazini pale mpaka leo.

Wadogo zangu mnaoanza uhudumu wa maabara, nimesikia mnaniita "yule dada aliyetupa koti." Sawa, niiteni. Ila msinicheke kabla hamjanisikiliza. Sijastaafu kwa mvi, nina miaka ishirini na nane na bado nanyonyesha. Lakini nimekaa miaka minane kwenye kile chumba cha Kibaoni, kuanzia nilipomaliza kidato cha nne, na vitu nilivyojifunza mle ndani vimenigharimu. Bora niwape bure.

Nianze na upumbavu wangu mwenyewe, maana huo hautaki ushahidi.

Wiki yangu ya kwanza walinipa tyubu zenye kifuniko cha zambarau, zile zenye dawa ya kuzuia damu isigande. Nikaambiwa changanya. Mimi nikazitikisa kama mtu anayetengeneza juisi ya ukwaju. Mzee Salehe, fundi wa maabara wa wakati huo, akanitazama mpaka nikamaliza, halafu akauliza kwa upole, "Binti, wateja wako wanataka na barafu?" Seli za damu zote zilikuwa zimepasuka. Wagonjwa sita wakaitwa kuchomwa upya, na mimi ndiye niliyetumwa kuwaita. Mmoja alikuwa mvuvi kutoka Mofu, pande la mtu, akasimama mlangoni na kutangaza: "Ile ya kwanza nirudishieni, halafu ndiyo nawapa ya pili. Najua biashara yenu." Ilibidi Mzee Salehe amchukue, amkalishe kwenye hadubini na kumwonyesha damu yake mwenyewe. Yule baba alichungulia muda mrefu. Aliponyanyuka aliuliza kama anaweza kuja kesho na mke wake.

Kwa hiyo tyubu unaigeuza taratibu, juu chini, mara nane hivi, kama unayemgeuza mtoto aliyelala. Na jina unaliandika mgonjwa akiwa bado mbele yako. Ukisema utaandika baadaye, baadaye utakuwa na tyubu mbili na akina Mwajuma watatu.

Huyu Mzee Salehe alikuja kwetu kutoka upande wa mashamba ya miwa. Alikuwa mfupi, mcheshi, na mkali kwa kitu kimoja tu: uvivu wa kufikiri. Mashine haikuwepo. Alihesabu seli nyeupe kwa jicho, moja moja mpaka mia, huku kidole kikibonyeza kile kihesabio chake, ka-ka-ka, na ukimsalimia katikati hajibu. Akifika mia ndipo anasema, "Marahaba." Unaweza kuwa ulishasahau ulimwamkia lini.

Somo lake kubwa alinipa kwenye supu. Saa nne asubuhi tulikuwa tunakwenda kibanda cha jirani, na siku hiyo akagonga mfupa kwenye sahani mpaka uboho ukachomoka.

"Skola, hiki nini?"

"Uboho, Mzee. Mtamu."

"Mtamu ndiyo. Huu umeshageuka mafuta. Ule unaofanya kazi ni mwekundu, uko kwenye mfupa wa kifua, kwenye kiuno, kwenye uti wa mgongo. Humo ndimo damu yako inamozaliwa. Kuna seli mama. Yenyewe haijawa kitu bado, haina cheo. Inajigawa, watoto wake ndio wanaanza kuchagua njia. Huyu anakuwa seli nyekundu ya kubeba hewa, yule anakuwa kipande cha kugandisha kidonda, na mwingine anakuwa askari."

"Askari wote wanazaliwa humo?"

"Wote. Ila si wote wanaokomaa humo. Wengine wanamaliza mafunzo humo humo kwenye uboho wanatoka na sare. Kuna kundi moja linatoka bado bichi kabisa, linasafiri na damu mpaka hapa." Akajigonga kifuani, juu kidogo ya moyo, mchuzi ukamdondokea shati. "Hapa nyuma ya mfupa kuna tezi. Thaimasi. Ndiyo chuo chao."

Nilimwambia ukweli kwamba sijawahi kusikia hicho kitu. Biolojia nilipata D. Akalipa supu, akanivuta mpaka kwa Deo, muuza nyama.

"Deo, leo umechinja mbuzi mdogo?"

"Nimechinja, Mzee."

"Tupe ile nyama laini ya kifuani, ile nyeupe."

Deo akacheka. "Ile naitupia paka. Wateja hawaitaki, wanasema ni uvimbe." Akatutolea kipande cheupe chenye uwekundu kwa mbali, laini kama maini ya kuku, kimejaa kiganja. Halafu Mzee akaomba cha mbuzi mzee. Deo akachokonoa kifua cha beberu lililoning'inia, akachokonoa tena. Hamna. Mafuta tu.

"Umeona?" Mzee akanigeukia. "Chuo hiki kinajaa wanafunzi mtoto akiwa mdogo. Ndipo askari wanapotengenezwa kwa wingi. Ukikua kinafifia, kinageuka mafuta, unabaki unatumia wale waliohitimu zamani, na wenyewe wanaongezana huko huko mwilini. Kwa hiyo damu ya mtoto na damu ya mtu mzima usizisome kwa macho yale yale. Mtoto mchanga ana askari wa aina hii wengi kuliko mimi na wewe."

Nikauliza wanafundishwa nini humo. Njia nzima ya kurudi akanieleza kwa mbwa, maana wote tumekulia kwenye mashamba yanayoliwa na nguruwe pori. Unapochagua mbwa wa kulinda mpunga, alisema, unamjaribu mara mbili. Kwanza, anawajua watu wa nyumbani? Asiyewatambua kabisa hafai, hatajua nani mgeni. Pili, anawang'ata watu wa nyumbani? Anayewang'ata naye hafai. Kwenye ile tezi seli changa zinajaribiwa hivyo hivyo, na nyingi mno zinashindwa na kufia humo humo. Zinazofaulu ni chache, hizo ndizo zinazotoka kwenda kazini. "Na kama chuo hakipo," nikauliza, "au wanafunzi hawakufika?" Akasimama. "Basi mtoto anazaliwa mzuri, ananyonya, anacheka, na shambani kwake hakuna mbwa hata mmoja. Kwa muda mama yake anamlinda na kinga yake aliyompa tumboni. Ikiisha, kila kinachopita kinaingia."

Nilikuwa na miaka ishirini na moja. Niliona ni hadithi nzuri, nikaenda kuosha slaidi.

Miaka mitatu baada ya mimi kuanza, Mzee akastaafu akaenda Mofu kulima mpunga, na mashine ikaja. Msinielewe vibaya, mashine ni nzuri. Inameza tone la damu, unageuka kidogo tu karatasi hiyo inatoka, imepangwa safu safu: namba ya mgonjwa, na pembeni yake kiwango cha kawaida. Namba ikizidi inaweka herufi moja, ikipungua inaweka nyingine. Ikiwa sawa haiweki kitu. Madaktari wetu, wanaotazama watu kuanzia asubuhi mpaka jioni bila kunyanyua kichwa, walijifunza haraka kutafuta ile herufi. Isipokuwepo, wanaandika "damu kawaida," mwingine apite.

Sasa sikilizeni hapa, maana hapa ndipo mtakapokosea na ninyi.

Kila ukiiwasha, mashine inaamka ikidhani kila mtu ni mtu mzima. Kumpima mtoto lazima urudi kwenye menyu, ushuke, uchague umri, uthibitishe, halafu ukimaliza urudi tena kwa mtu mzima. Siku ya kliniki ya watoto, benchi limejaa, mmoja analia wa pili anamfuata, hiyo safari ya vitufe unaiona ndefu kama ya kwenda Sanje kwa mguu. Tukaacha kuifanya. Hakuna aliyetuamuru. Bwana Egidi aliona akanyamaza. Wasichana wapya walipokuja na kuuliza, "Dada Skola, huyu ni mtoto, nibadilishe?" mimi, kwa mdomo huu, nilijibu: "Acha tu. Daktari ataelewa."

Mzee Salehe alikuwa amebandika ukutani karatasi yake ya viwango kwa umri, ameiandika kwa kalamu nyekundu. Siku tulipopaka rangi chumba ili mashine ikae pazuri, ilibanduliwa. Nadhani niliibandua mimi.

Halafu nikamzaa Gasto.

Miezi mitatu ya kwanza alikuwa mtoto wa kupigia picha. Wa nne, utando mweupe mdomoni. Dawa, ukaondoka, ukarudi. Wa tano, nimonia, tukalazwa. Wa sita, kuharisha kusikokoma. Wa saba, nimonia tena. Baba yake anakata miwa na anarudi nyumbani Jumamosi, akimbeba alikuwa anasema, "Mbona kama anazidi kuwa mwepesi mkononi?" Virusi vya UKIMWI walipima, kwangu na kwake, hakuna. Majirani walinipa kila dawa isipokuwa petroli. Na damu yake nilimpimia pale pale kazini kwangu, mara tatu. Damu ya kwanza niliiweka mwenyewe kwenye mashine, kwa mikono yangu, bila kugusa menyu. Mara zote tatu hakuna herufi. Kawaida, kawaida, kawaida.

Siku niliyogundua nilikuwa nyumbani mchana, nimebandika wali, Gasto amelala kwenye mkeka na ana homa. Nikazipanga zile karatasi tatu kando yake kama mtu anayecheza karata. Sikutafuta herufi, maana hazikuwepo. Nikaanza kusoma namba. Limfosaiti, hao ndio wale askari wa kundi la kifuani pamoja na ndugu zao: moja nukta sita. Ya pili, moja nukta nne. Ya tatu, moja nukta tatu. Na pembeni, kiwango cha kawaida: kuanzia moja mpaka nne.

Nikaikumbuka kalamu nyekundu ya Mzee. Mtoto wa umri huu alikuwa anaanzia kwenye nne kwenda juu.

Wali uliungua. Nikampigia Mzee Salehe.

"Shikamoo Mzee."

"Marahaba Skola! Ongea kwa sauti, naamia ndege wa mpunga huku."

Nikamsomea. Nikasikia anagonga debe kufukuza ndege mara moja, halafu akaacha.

"Miezi mingapi?"

"Minane na nusu."

"Nani aliweka hiyo damu?"

"Ya kwanza mimi mwenyewe, Mzee."

Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza. Alisema, "Hiyo ni ndogo, Skola. Ndogo sana. Inaweza kuwa kitu kingine, simu haipimi mtu. Lakini lazima aonwe na mtu anayejua, leo hii. Na akifika miezi tisa ataitwa chanjo ya surua. Ile imetengenezwa na kirusi hai kilichodhoofishwa. Watoto wengine wote wachomwe, tena wasichelewe, maana kama huyu wako hana askari, hao waliochanjwa ndio ukuta wake. Ila yeye asiguswe mpaka daktari aseme."

Zilibaki wiki mbili afikishe hiyo miezi tisa. Ndiyo maana nilikwenda kazini na mtoto mgongoni, ndiyo maana nilisimama upande wa wagonjwa wa kile kioo. Nilitaka karatasi sahihi na rufaa. Mengine mnayajua.

Nikapanda bodaboda moja kwa moja mpaka hospitali kubwa bila rufaa. Nilikaa foleni na wote. Aliyenipokea alikuwa daktari kijana, sura yake kama ya mwanafunzi, na nilijiandaa kupigana naye. Nikamwambia kwa pumzi moja: damu ya mwanangu imesomwa kwa kipimo cha mtu mzima mara tatu, mimi ndiye niliyekosea ya kwanza, nataka ihesabiwe kwa jicho. Akazichukua karatasi. Akazisoma zote, kuanzia juu mpaka chini. Halafu akasema, "Kaa, mama Gasto," na yeye mwenyewe akasogeza kiti. Nililia pale kwa sababu ya kile kiti.

Walihesabu kwa jicho. Ilikuwa kweli. Tukapelekwa Dar. Huko wana vipimo vinavyowatenganisha askari kundi kwa kundi, na lile la kupitia kifuani kwa Gasto karibu halipo. Seli mama zipo kwenye uboho, zinazaa nyekundu vizuri, lakini njia ya kwenda chuoni imekatika mahali, kitu cha kuzaliwa nacho. Dawa yenyewe ni kupewa uboho wa mtu mwingine anayefanana naye, na hiyo bado tunaitafuta. Kwa sasa anakunywa dawa za kumkinga kila siku, hatumpeleki kwenye mikusanyiko, chanjo zake anazipanga daktari wake. Ana miezi kumi na moja. Ana meno manne na anauma nayo. Nilimuuliza daktari, tungejua mwezi wa nne ingekuwaje? Akasema angeanza dawa kabla ya nimonia ya kwanza, na mapafu yake yasingekuwa na makovu.

Makovu hayo ndiyo ninayoyasikia akipumua.

Kuhusu Bwana Egidi, msimfanye shetani. Anafanya kazi ya watu watatu peke yake. Uchungu uliponishika nikiwa zamu, ndiye aliyenikimbiza leba kwa pikipiki yake, akapiga honi njia nzima kama ana harusi. Alikuja nyumbani wiki iliyopita, amebeba ndizi. Akasimama mlangoni, hakuingia, kwa ajili ya mtoto.

"Skola, tuyamalize. Mashine nimeshaibadilisha, watoto wana kipimo chao."

"Kuanzia lini?"

"Juzi."

"Na waliopita kabla ya juzi?"

Akazitazama ndizi zake. "Ukiwaita, watu watasema kituo kibovu. Kitafungwa. Watapimwa wapi?"

Ni swali la kweli, sikulipuuza. Nililala nalo siku mbili. Halafu nikakaa mezani, nikaandika kwa kalamu, nikapeleka mwenyewe, nikagongewa muhuri wa kupokelewa. Nakala ninawawekea hapa, nanyi muisome kabla hamjagusa ile mashine.

KWA MGANGA MKUU WA HALMASHAURI.

YAH: MALALAMIKO KUHUSU MAJIBU YA DAMU ZA WATOTO.

Mimi Skolastika, mkazi wa Kibaoni, niliyekuwa mhudumu wa maabara, ninalalamikia kituo nilichofanya kazi. Kwa miaka mitano watoto waliopimwa damu pale walisomwa kwa viwango vya watu wazima. Kwa hiyo mtoto mwenye upungufu wa seli za kinga anaweza kuwa ameandikiwa kawaida. Mwanangu aliandikiwa hivyo mara tatu. Mkuu wa maabara nilipomweleza alikataa kurudia kipimo.

Ninajilalamikia na mimi. Nilijua jinsi ya kubadilisha kipimo, sikubadilisha, na niliwafundisha wenzangu wasibadilishe. Kama kuna adhabu, nihesabiwe.

Siombi kituo kifungwe. Watu wa huku wanakihitaji. Ninaomba mambo haya: aongezwe fundi mmoja, maana aliyepo amezidiwa, viwango vya watoto vibandikwe ukutani, na majibu ya kila mtoto wa chini ya miaka mitano aliyepimwa tangu mashine ifike yasomwe upya. Wale wenye namba ndogo waitwe na wazazi wao, wapimwe tena bila kuulizwa chochote mapokezini.

Najua kazi hiyo ni kubwa. Majina yote yamo kwenye rejesta za maabara, mengi kwa mwandiko wangu, na ninaweza kuusoma hata pale nilipoandika kwa haraka. Nipo tayari kuja kila siku kuanzia Jumatatu, bila malipo, tuyapitie jina kwa jina. Nitakapokuja nitakaa chumba cha peke yangu, kwa sababu ninarudi kwa mtoto asiye na kinga.